Siku Moja ya Kwenda Kiziba

Kalundu, 3 Mei 1965

Shemeji Azarias,

Salaam aleikum. Kama huko kwenu hamsalimiani hivyo, pokea salamu kwa namna unayoijua.

Barua yako ya Aprili nimeipata. Ina mistari sita, nimeihesabu. Inasema kwamba Kitenge, mume wangu, alifariki tarehe 2 Aprili kwa kichomi, mlipokuwa mmepeleka ng'ombe kwenye ziwa lenu dogo la juu, na kwamba mlimzika hukohuko kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa na watu wenye bunduki. Mstari wa sita ni wa pole. Ahsante kwa pole.

Sasa nisikilize. Unajua kwamba mwezi wa Oktoba, mji ulipokimbiwa kwa ajili ya vita, sisi wanawake tulivuka kwa boti kwenda Bujumbura, na yeye akapanda kwako, rafiki yake, na magunia mawili ya chumvi ya ng'ombe, akisema atakaa wiki mbili mpaka kelele zipungue. Sisi tulirudi Kalundu Februari. Yeye hakurudi. Barua yako nimeisoma mbele ya mama yake, Bibi Mwavita, naye akanijibu: "Minye sitalia mutu kwa sababu ya barua." Masumbuko, mdogo wake Kitenge, akatia mafuta kwenye moto. Anasema kuna mtu alimwona Kitenge sokoni Bujumbura katikati ya Aprili, tena amenenepa.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, kwa nguo nyeupe, na watu huja kumpa pole. Mwalimu wa msikiti amenihesabia kwa mwezi mwandamo tangu ile siku uliyoiandika: eda yangu inakwisha tarehe 9 Agosti. Lakini Bibi amenikataza nguo nyeupe. Anasema nikiivaa nitakuwa ninamwombea mwanawe kifo. Kwa hiyo siku zangu zinapita, shemeji, na mimi niko jikoni nakaanga samaki, si mke wala si mjane. Zikiisha hivi nitakuwa mwanamke ambaye hakumlilia mume wake, na watu wa Kalundu watalisema hilo mpaka nife.

Nionyeshe kaburi. Bibi amekubali kupanda. Amesema akiliona kwa macho yake ataamini. Twende siku moja, turudi. Niambie tu ni lini.

Na uniambie alisema nini mwishoni.

Asha


Milimani, juu ya Runingu, 16 Mei 1965

Kwa shemeji yangu Asha, amani iwe kwako na kwa nyumba yote.

Sisi ni wazima, isipokuwa kikohozi cha watoto na ndama mmoja aliyetutoka wiki iliyopita. Barua yako jirani yetu Twagirayezu ameileta alipotoka soko la Runingu. Ilikuwa imelowa lakini inasomeka. Mke wangu Nyiramahoro anakusalimu, analia kila akitaja jina la Kitenge.

Una haki ya kuliona kaburi, sikatai. Kiziba, lile ziwa dogo, si mbali na kwangu. Mtu anaondoka baada ya kukamua asubuhi, anashuka kijito, anapanda kwenye mianzi, halafu anatokea juu kwenye majani ya baridi ambako miti ni mifupi na ina ndevu. Baada ya hapo ni mawe tu. Kiziba iko chini ya majabali matatu, maji yake ni meusi, na ni baridi kiasi kwamba ng'ombe akinywa anatikisa kichwa. Saa sita umefika. Kabla ya kukamua jioni umerudi nyumbani.

Lakini hiyo ni njia ya kiangazi. Sasa hivi kijito kimejaa, mianzi imelala njiani, na matope yanafika magotini. Bibi Mwavita ni mtu mzima. Nani atajibu akianguka? Subirini Juni.

Mwishoni Kitenge alikusalimu. Alikuwa mtulivu.

Azarias, mwinjilisti


Kalundu, 6 Juni 1965

Shemeji Azarias,

Juni imefika. Kila asubuhi natoka nje natazama juu, na tangu Jumatano milima yenu naiona yote, bila hata wingu moja. Nimeshaazima makoti mawili na buti za Masumbuko, ambazo nitazijaza vitambaa. Bibi hawezi kupanda kwa miguu, lakini Twagirayezu anasema wagonjwa wenu mnawabeba kwenye ngobyi, ile machela ya kusuka yenye miti mirefu, watu wanne begani. Basi mbebeni. Bibi ni mwepesi, maneno yake tu ndiyo mazito.

Unasema si mbali. Kitenge aliwahi kuniambia kwamba ninyi mkinyoosha mdomo na kusema "ni pale tu," mtu wa ziwani abebe chakula cha siku mbili. Nitabeba.

Na unasema alikuwa mtulivu. Nimelala na Kitenge miaka kumi na mmoja na hata usingizini hakuwa mtulivu. Alinisalimu kwa maneno gani? Aliniita kwa jina gani? Barua zako zimejaa ng'ombe na mvua, na la mume wangu unaniwekea mstari mmoja chini kabisa.

Juzi Bibi ameniamuru nifue mashuka ya Kitenge, ili akija ayakute safi. Nimeyafua. Nimeyapiga kwenye jiwe mpaka moja likachanika, na Bibi akanigombeza kwa kumharibia mwanawe vitu.

Zimebaki siku sitini na nne. Nipe tarehe.

Asha


Milimani, 20 Juni 1965

Shemeji Asha,

Amani ya Bwana. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Ng'ombe wa Nyiramahoro anakaribia kuzaa na mimi siwezi kuondoka. Vijana wa kubeba ngobyi wamepelekwa na mifugo upande wa pili. Pia kuna watu wanaosema wameona wenye bunduki karibu na mianzi, na mimi siwezi kuwapitisha wanawake wawili mahali kama hapo. Mwisho wa Julai tuna mkutano wa kanisa, wageni watalala kwangu.

Ninaona afadhali iwe Agosti, baada ya mkutano, njia ikiwa imetulia.

Lakini nimefikiri jambo. Walioshuhudia mazishi wako. Naweza kuandika karatasi, wote watie dole gumba, umsomee Bibi Mwavita. Labda hiyo itatosha na hamtakuwa na haja ya kujichosha.

Kitenge alikuwa rafiki yangu. Usifikiri vingine.

Azarias


Kalundu, 27 Juni 1965

Azarias,

Agosti baada ya mkutano, eda yangu itakuwa imeisha au imebaki ncha. Nilikuandikia tarehe. Unajua kusoma.

Twagirayezu amekuja Kalundu kununua chumvi. Nimemkalisha, nimempa chai na maandazi, nimemuuliza kama njia ya Kiziba imefungwa. Akasema amepita juma lililopita na ng'ombe. Bunduki hakuziona, hata mvua hakuiona. Nikamuuliza ng'ombe wa Nyiramahoro anazaa lini. Akasema ndama ana wiki mbili na ni mwekundu. Nikamuuliza kaburi likoje. Hapo akaanza kutazama ndani ya kikombe na kusema chai ni tamu.

Nitauliza mara moja tu. Kitenge yuko hai? Kama ana mwanamke huko kwenu, sema. Nitapiga kelele siku moja, Masumbuko atacheka, Bibi atachinja mbuzi, na maisha yataendelea. Aibu ya kuachwa naiweza. Kufua mashuka ya mtu ambaye sijui kama ni marehemu au mwongo, hilo limenishinda. Nimechoka, Azarias. Nimechoka na wewe kuliko nilivyochoka na vita.

Asha


Milimani, 4 Julai 1965

Shemeji Asha,

Kitenge hayuko hai. Ningefurahi awe na wake watatu huku kwetu na awe hai.

Nimekudanganya. Njia iko wazi tangu mwanzo wa Juni. Nitakuambia sababu, na ukitaka kunitukana baada ya hapo, nitukane.

Kichomi kilimshika tukiwa siku ya pili Kiziba. Tulikuwa watu watano, tumekwenda kuficha ng'ombe. Wanne ni watu wa kanisa, wa tano ni yeye. Alifariki Ijumaa mchana. Kurudi naye hatukuweza, hilo ni kweli. Ikabidi tumzike, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua Waislamu huzikwa vipi. Nilijua kuna kuosha, nilijua kuna sanda, nilijua analazwa ubavu akitazama mahali fulani. Lakini wapi? Miezi sita Kitenge aliswali mbele ya nyumba yangu kila siku, na mimi kila siku niligeuza uso, kwa sababu kwetu si adabu kumkodolea mtu macho anapoomba. Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilisimama kwenye yale mawe nikijaribu kukumbuka kama alikuwa akitazama upande wa zizi au upande wa kijito. Sikukumbuka.

Tukamzika kama tunavyozika ndugu zetu. Chali, kichwa machweo, ili siku ya mwisho asimame akilitazama jua. Tuliimba. Nilisoma zaburi. Nikachonga msalaba nikaandika jina lake kwa chuma cha moto.

Nilipopata barua yako ya kwanza ndipo nilipoona nilichofanya. Nikasema nitaung'oa kabla hujaja. Nimekwenda peke yangu mara mbili. Mara ya kwanza niliung'oa, nikarudi nyuma hatua chache, nikaona limebaki rundo la mawe kama marundo mengine yote ya pale. Niliogopa kwamba hata mimi nitalipoteza. Nikaurudisha. Mara ya pili wazee wa kanisa walikuwa wamesikia, wakanizuia njiani, wakaniuliza mwinjilisti gani anang'oa misalaba makaburini. Twagirayezu alikuwa mmoja wa walioimba siku ile, ndiyo maana alitazama kikombe.

Sikutaka mama yake aone hivyo. Niambie, niung'oe?

Azarias


Kalundu, 11 Julai 1965

Shemeji Azarias,

Usiguse kitu. Ukianza kuhamisha mawe sasa, Masumbuko atasema kaburi limetengenezwa jana.

Nimekasirika, lakini si kwa msalaba. Ulikuwa na maiti na mchana mmoja, ukafanya unachojua. Nimekasirika kwa sababu umenila wiki kumi. Ungeniambia mwezi wa Mei, ningempeleka mwalimu wetu pole pole kwa Bibi, angemweleza, tungelizungumza. Sasa muda wa pole pole sina.

Bibi sitamwambia. Nikimwambia hapandi. Akifika pale, akaona jina la mwanawe, mambo mengine yatajisema yenyewe.

Tunatoka Runingu Alhamisi tarehe 22, kila mtu na karatasi yake ya kupita. Ijumaa tunalala kwako. Jumamosi tarehe 24 twende Kiziba. Tafuta wabebaji. Mkutano wa kanisa wapokee wageni wengine.

Asha


Kalundu, 26 Julai 1965

Shemeji Azarias,

Tumefika jana jioni. Buti za Masumbuko zimenitoa kucha mbili.

Mshukuru Nyiramahoro kwa ajili yangu. Ule mzigo wa ndagala ambao Bibi alimpa kwa heshima zote, akaupokea kwa mikono miwili kisha akautundika nje nyuma ya zizi, Twagirayezu amenieleza: kwenu samaki haingii nyumba yenye maziwa. Bibi hajui. Anadhani mmeuanika. Acheni adhani hivyo.

Wewe ulikuwa mbele ukifungua njia, kwa hiyo hukusikia. Kwenye kijito Bibi alikuwa na furaha. Aliwatania wabebaji, aliwaambia wanamtikisa kama mtungi wa siagi, akawauliza nani kati yao hajaoa. Wakaimba, naye akapiga makofi huko juu. Kwenye mianzi vijana waliacha kuimba, naye akaacha kupiga makofi. Nilidhani amelala. Tulipotokea kwenye majani akaniuliza kama Kitenge alipita hapa kwa miguu yake. Nikasema ndiyo.

Mengine uliyaona. Uliona alivyoshuka mwenyewe, alivyokataa mkono wangu, alivyotembea mpaka kwenye mawe na upepo unampeperusha nguo. Uliona alivyousoma ule msalaba kwa kidole, yeye asiyejua kusoma. Na ulisikia: "Huyu hapana mutoto wangu. Mutoto wangu hawezi kulala chini ya musalaba." Akageuka, akapanda ngobyi, akawaambia vijana twende. Wewe ukabaki na kofia mkononi. Mimi nilisoma Fatiha nusu pale, nusu nyingine nikiikimbilia ngobyi, na nilivyopanda kote kule hata maji ya lile ziwa sikuyagusa.

Unajua sasa amekuwaje? Amewaambia majirani kwamba amekwenda mpaka mwisho wa dunia na ameonyeshwa kaburi la Mkristo. Kwa hiyo Kitenge yuko hai kuliko zamani. Ushahidi nilioupandia ndio anaoushika yeye. Masumbuko ameanza kuuliza nauli ya kwenda Bujumbura kumtafuta. Mwalimu amekuja kuzungumza na Bibi, ametoka hata chai hakumaliza.

Kosa la msalaba ni lako. La kutomwambia ni langu, na hilo ndilo linaloninyima chakula. Niliona nitamshtukiza na ukweli, nikamshtukiza na msalaba.

Zimebaki siku kumi na nne. Tangu Mei nakuuliza alisema nini, na ulichonipa ni salamu tu. Salamu hizo siziamini. Kama kuna neno, lilete, hata liwe baya. Sina kitu kingine cha kumpelekea Bibi.

Asha


Milimani, 29 Julai 1965

Shemeji Asha,

Ni kweli, hakukusalimu. Nilitunga. Nilifikiri mwanamke aliyesubiri hivyo atataka kusikia jina lake.

Ile Ijumaa asubuhi homa ilimpanda kichwani, akawa haniiti tena kwa jina. Alikuwa akisema: "Mama, iko baridi. Nifunike." Nikamfunika koti langu. Akasema tena: "Mama, nifunike." Wenzangu wakavua makoti yao, na Twagirayezu akaleta ngozi ya ndama. Akaendelea kusema hivyohivyo, na jua likiwa juu. Maneno mengine hakuyasema. Makoti tuliyomfunika tulimzika nayo, ndiyo sanda aliyopata.

Nilimjibu. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nilimwambia, "Nakufunika, mwanangu," kama mimi ndiye mama, kwa sababu alikuwa akingoja ajibiwe.

Msomee Bibi Mwavita au usimsomee, uamuzi ni wako. Mimi nimechoka kuficha.

Azarias


Kalundu, 1 Agosti 1965

Weye Azarias,

Minye ni Mwavita, mama yake Kitenge. Masumbuko anaandika, minye nasema. Maneno ingine hataki kuandika. Nimemuambia kalamu ni yake lakini barua ni yangu.

Asha amenisomea. Amesoma mara moja, nikamuambia asome tena, kiisha nikamuambia atoke.

Nilijua. Usifikiri ni barua yako imenifundisha. Nilijua kwa ile mianzi, wakati vijana wenu waliacha kuimba. Watu hawanyamaze vile juu ya mugeni. Nikashuka, nikaona ile mawe imepangwa murefu, na mutoto wangu alikuwa murefu. Musalaba niliiona kiisha. Nikaishika ile musalaba kama sababu, kwa maana nikisema ni yeye, nitamuacha pale. Na ile maji nyeusi, na ile upepo. Kitenge hapa Kalundu kwenye iko joto alikuwa analala na blanketi mbili. Nikaona heri niseme hapana yeye, nirudi. Sasa nasikia alikuwa ananiita nimufunike, na minye nimefika pale, nimemupa mugongo. Ile Masumbuko hakutaka kuandika. Ameiandika.

Weye ulimuzika namna munazikaka ndugu yenu. Sikugombeze. Lakini ung'oe ile musalaba. Weka mawe mbili, moja kwa kichwa, moja kwa miguu, kwetu ni vile. Wazee wa kanisa yenu wakikuuliza, uwaambie mama yake amesema. Kama wanataka kubisha, washuke Kalundu wabishe na minye. Na weye ulimujibu pahali pangu. Kwa ile Mungu akulipe, sina maneno ingine.

Asha nimemukatia nguo nyeupe jana, minye mwenyewe, na mukono yangu. Masumbuko anasema siku zimeisha, ya nini tena. Kutoka leo mupaka tarehe tisa ni siku tisa. Hizi tisa atakaa ndani, mujane wa Kitenge, na watu watakuja kumupa pole, na minye nitakaa naye kwa mukeka moja. Ya kwanza wameshakuja, wanajaa mupaka kwa mulango.

Kwa hiyo usimuandikie mupaka ziishe. Kama unaandika, andikia minye. Uniambie makoti ilikuwa ngapi.

Mwavita